Aliyefika wa Kwanza

Wapendwa, naanza na ungamo dogo kabla sijafika kwenye lile kubwa. Kwa muda mrefu niliwakataza watoto wangu kutazama tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani iitwayo Wizards of Waverly Place. Jina lake tu lilinitosha. Katika huduma nimekaa na familia zilizovunjika kwa sababu bibi mmoja alinyooshewa kidole kwamba ni mchawi. Sikutaka neno hilo ligeuzwe kuwa kichekesho sebuleni kwangu.

Jioni moja nilimkuta binti yangu mwenye umri wa miaka 12 akiitazama. Akaniambia kwa heshima, lakini bila kuzima, "Baba, si utazame kwanza ndipo ukataze?" Nikaona ana haki. Nikakaa, na nakiri kwamba nilikaa ili nikusanye ushahidi. Ushahidi huo ulinichukua jioni nyingi, hata tukafika msimu wa nne, ambao ndio wa mwisho. Kule Marekani msimu huo ulirushwa kuanzia Novemba 2010 hadi Januari 2012.

Kwa ambao hawaijui, ni hadithi ya familia ya Russo, wanaoendesha duka dogo la sandwichi mjini New York. Watoto wao watatu, Justin, Alex na Max, wamezaliwa na nguvu za ajabu na baba yao huwafundisha kuzitumia. Lakini ipo sheria: siku itafika washindane, na mmoja tu ndiye atabaki na nguvu hizo. Wengine wawili watakuwa watu wa kawaida. Baba yao, Jerry, aliwahi kushinda shindano hilo, kisha akamwachia ndugu yake nguvu zake ili amwoe Theresa, ambaye hana nguvu hizo.

Kwa hiyo chini ya vichekesho vyote kuna jambo ambalo kila mwana ukoo analielewa. Ni urithi. Kuna kitu kimoja, na watoto watatu wanaopendana na kuoneana wivu. Justin ndiye mkubwa, mwenye bidii na vyeti. Alex ni mvivu, mwenye mdomo na hila. Ukiniuliza nani anastahili, ningesema Justin, labda kwa sababu mimi pia ni mtoto wa kwanza.

Katika kipindi cha mwisho shindano linafika. Max anatolewa mapema, wanabaki Justin na Alex wakikimbilia mwisho. Justin ananasa njiani, mguu haumtoki. Alex yuko mbele, ushindi ni wake. Lakini anarudi nyuma kumnasua kaka yake. Wanaendelea na mbio, na Justin anafika wa kwanza. Anatangazwa mshindi.

Hapo ndipo Justin anapoonyesha yeye ni nani. Kabla hajakabidhiwa nguvu zile, anasema ukweli: amefika wa kwanza kwa sababu tu mdogo wake alirudi kumsaidia. Mshindi wa haki ni Alex. Urithi unakwenda kwa Alex.

Binti yangu alinigeukia. "Baba, ungekuwa wewe, ungesema?"

"Bila shaka," nikajibu. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtoto.

Baba yetu alipofariki aliacha kihamba chenye migomba na kahawa kidogo, na nyumba. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Wazee walisema sehemu ya juu, yenye nyumba na maji, apewe mchungaji, kwa kuwa ndiye aliyemtibu baba kwa miaka miwili ya ugonjwa. Walikuwa wameona fedha za hospitali zikitoka kwenye simu yangu, na risiti zote zilikuwa na jina langu. Wasichokijua ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa mdogo wangu. Aliuza ng'ombe wake wawili wa maziwa, mmoja baada ya mwingine, akanitumia mimi kwa kuwa nilikuwa karibu na hospitali. Yeye alikuwa amekaa pale pale kikaoni. Alinitazama mara moja, kisha akatazama chini, maana mimi ni kaka yake na tena ni mchungaji.

Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu, nikashukuru wazee.

Wengi wetu tulikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ile ya mwaka 1529, tulipojiandaa kwa kipaimara. Mimi huifundisha kila mwaka. Katika amri ya tisa, ya kutotamani nyumba ya jirani, Luther anagusa urithi waziwazi. Anatuonya tusiutafute kwa hila, wala tusijipatie kwa njia inayovaa sura ya haki. Nimewasahihisha vijana wengi waliokosea kukariri maelezo hayo. Mimi niliyakariri vizuri, na kihamba nikakichukua. Kilikuwa na sura ya haki: kikao halali, wazee halali, risiti halali. Justin naye alifika wa kwanza kihalali. Tofauti ni kwamba yeye alifungua kinywa.

Hata hivyo kuna mahali ambapo tamthilia na Injili zinaachana. Baada ya Justin kusema ukweli, mkuu wa shule ya wachawi anastaafu, anamwachia nafasi yake pamoja na nguvu kamili. Max anaachiwa duka la wazazi. Kila mtu anaondoka na kitu, kama kawaida ya vichekesho. Mtoto anaweza kujifunza hapo kwamba ukweli hulipwa papo hapo. Maisha hayaahidi hivyo.

Injili huanza upande mwingine. Mkumbuke Zakayo katika Luka 19. Yesu hakungoja arudishe mali ya watu ndipo aingie nyumbani kwake. Alijialika kwanza, na Zakayo akaanza kurudisha akiwa tayari amepokelewa. Paulo naye anawafundisha Warumi katika sura ya 8 kwamba sisi tu warithi pamoja na Kristo. Urithi huo haupungui ndugu yako akiingia. Mwenye urithi huo anaweza kuachia migomba. Nilikuwa nimehubiri neema kwa miaka mingi huku nikishika shamba kama mtu asiye na Baba.

Niliomba kikao kingine cha ukoo. Nikasimama nikasema fedha zilitoka wapi. Mzee mmoja alikasirika, akaniuliza kwa nini mchungaji anawaabisha wazee waliokwisha kuamua. Mdogo wangu hakunikumbatia. Alisema tu, "Asante, kaka," akatoka nje. Sehemu ya juu ikaandikwa jina lake. Ilipita miezi kadhaa kabla hajanipigia simu, na aliponipigia ilikuwa kuniuliza kama watoto wangu wanapenda ndizi mshale. Zilifika kwa basi, mkungu mzima. Bado hatujazungumza yote.

Kuhusu uchawi kwenye televisheni, sijabadili msimamo wangu kwamba mzazi akae na mtoto atazame naye. Nimeona pia kwamba katika hadithi ile Alex kila anapotumia nguvu zake kukwepa kazi, mambo humharibikia hadi arudi kuyatengeneza. Lakini kama ningezima kwa sababu ya jina tu, ningebaki nikilinda nyumba yangu dhidi ya wachawi wa New York, wakati dhambi imekaa mezani nasi tukila ndizi za kihamba cha ndugu yangu.

Ndugu msomaji, huenda kuna kitu ulichokipata kihalali, na yupo mtu aliyerudi nyuma kukunasua, ambaye jina lake hukulitaja. Usingoje uwe jasiri. Umekwisha kupokelewa. Ee Bwana, tufungue vinywa vyetu. Amina.