Twiga wa miguu mitano

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa hadithi ambayo wengi wetu tuliisoma madrasa, ila ni wachache tunaoikumbuka tunapolea. Mtume (s.a.w.) alikuwa amerejea kutoka vitani. Upepo ukapeperusha pazia, wakaonekana wanasesere wa Bi Aisha (r.a.), na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa farasi hana mbawa. Alimuuliza yule ni nini, kisha akamuuliza ana nini mgongoni. Bi Aisha akajitetea kwa farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.), ambao alisikia kwamba walikuwa na mbawa. Mtume (s.a.w.) akacheka hata magego yake yakaonekana.

Nimeirejea hadithi hii mara nyingi tangu mke wangu alipoanza kufuma wanasesere kwa kufuata michoro ya watoto. Hapa Kilosa ufumaji si jambo geni. Kina mama wetu hufuma vitambaa vya makochi, kofia za vichanga na soksi zao. Lililo jipya nyumbani kwetu ni kuwa mtoto huleta karatasi aliyoichora kwa mkono wake, na mfumaji akaifuata kama ilivyo. Watoto huchora wanachokiona: mbuzi, pikipiki, na treni, maana reli ya kati inapita mjini kwetu. Waliowahi kupanda basi kutoka Morogoro kwenda Mikumi huchora tembo, pundamilia na twiga, kwa kuwa barabara kuu ya Iringa inakatiza ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na abiria huwaona wanyama akiwa amekaa kitini.

Kazi huanza na kitanzi kimoja. Kwa sindano yenye ndoana nchani, hufumwa mishono sita ndani ya kitanzi hicho. Mzunguko wa pili huwa mishono 12, wa tatu 18, na duara likazidi kupanuka. Mfumaji akitaka kubana shingo, huipunguza. Mishono hukazwa ili kilichojazwa ndani kisichungulie. Kujazia, mke wangu hutumia sufi kama ya mito, au mabaki ya vitambaa anayopewa na fundi cherehani. Macho huyadarizi kwa uzi, kwani kifungo kikimtoka mwanasesere huweza kumkaba mtoto mchanga. Mkia wa twiga huutengeneza kwa nyuzi za mkonge, zao la wilaya yetu.

Wapo waliokwisha kuifanya kazi ya namna hii kuwa riziki. Huko Njoro, nchini Kenya, kina mama wa Kenana Knitters wamekuwa wakisokota sufu na kufuma wanyama wa kuchezea tangu mwaka 1998. Mwaka 2015 kampuni ya IKEA ya Sweden iliuza wanasesere walioshonwa kwa kufuata michoro ya watoto walioshindanishwa. Mke wangu hajafika huko, naye hufuma baada ya Isha, watoto wakishalala.

Baadhi ya waumini waliniletea swali kama katibu wa kamati ya msikiti: je, hizi si sanamu tulizokatazwa? Ni swali la haki, na nililipeleka kwa masheikh badala ya kulijibu kwa matamanio ya nyumba yangu. Majibu yao yanafahamika vitabuni. Kadhi Iyadh amenukuu kuwa wanazuoni walio wengi wameruhusu wanasesere wa watoto kwa ushahidi wa hadithi za Bi Aisha, na Imamu Nawawi ameyataja maneno yake katika sherehe ya Sahih Muslim. Wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa, na anayechukua tahadhari hatumlaumu. Aidha, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) kwamba wanawake wa Madina waliwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na mtoto alipolilia chakula walimpa mchezo uliotengenezwa kwa sufu hadi wakati wa kufuturu. Kumliwaza mtoto kwa kitu cha sufu, basi, ni jambo walilolijua hata wanawake wa Kiansari.

Ndugu msomaji, linalohitaji subira kuliko kukaza mishono ni kutosahihisha. Mtu mzima akiona mchoro wa tembo mwenye masikio madogo, mkono wake hutaka kuyakuza. Siku moja binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka saba, alileta mchoro wa twiga mwenye miguu mitano. Mimi nilikuwapo. Mke wangu hakucheka. Alimuuliza, "Mwanangu, huu mguu wa tano ni wa nini?"

"Mama mdogo, hii minne inakwenda Mikumi kwa baba. Huu mmoja unabaki Kilosa kwa mama."

Wakati huo wazazi wake walikuwa wameshaachana. Baba anafanya kazi Mikumi, mama yuko Kilosa, na familia mbili zilikuwa zikijiandaa kukaa kikao juu ya malezi ya mtoto. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mama ndiye mwenye haki ya kumlea mtoto hadi afikie umri wa kupambanua mambo, takriban miaka saba, kisha mtoto hupewa hiari. Imepokewa pia kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alimpa kijana hiari kati ya baba yake na mama yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake. Haya yote wazee wetu waliyajua. Hata hivyo, siku zote hizo kila upande ulikuwa ukihesabu haki zake, na binti mwenyewe alikuwa hajaulizwa.

Mke wangu alimfuma twiga kwa jioni tisa. Mguu wa tano ulimsumbua, akaufumua mara mbili hadi mnyama akasimama. Nami nilikwenda kwa babu yake binti, nikamweleza maneno niliyoyasikia. Kikaoni mzee akamketisha mjukuu karibu naye, akamuuliza kwa upole, wazazi wote wawili wakisikiliza. Ilikubaliwa abaki kwa mama wakati wa masomo na aende Mikumi kila likizo, na baba atoe matunzo kila mwezi. Sisemi kuwa mwanasesere ndiye aliyeamua. Nasema kuwa swali lilioulizwa juu ya mchoro lilitufundisha swali la kuuliza kikaoni.

Mzazi asiyejua kufuma naye ana nafasi yake. Mtoto akikuletea karatasi, usiharakie kumwambia alichokosea. Muulize ni nini, na kwa nini iko hivyo, kisha nyamaza umsikilize. Mwenye sindano na uzi na afume kile alichoambiwa. Na sisi tunaoketi katika vikao vya talaka, tukumbuke kwamba anayejadiliwa mara nyingi yuko chumba cha pili, ana kalamu mkononi.

Allah (s.w.) atujaalie upole katika kuwalea watoto wetu, na ayape masikio yetu uwezo wa kuwasikia. Amin.