Matumizi Yalianza kwa Mizani

Neno la Waingereza la kutumia fedha, spend, chimbuko lake ni Kilatini: expendere, yaani kupima kwa mizani na kutoa. Kabla ya kuwa na sarafu, Warumi walilipana kwa vipande vya shaba vilivyopimwa uzito. Pauni ya Waingereza nayo ilikuwa ratili ya fedha, iliyogawanywa kuwa peni 240. Aliyelipa aliona mali yake ikishusha mizani.

Sisi wazee wa Afrika Mashariki tunaielewa maana hiyo. Tulizaliwa katika shilingi ya pamoja, kabla ya mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanza kutoa kila moja fedha yake. Senti kumi ilikuwa pana, yenye tundu katikati. Mama aliifunga kwenye upindo wa kanga, na kila alipofungua fundo sokoni, vidole vyake vilijua kilichobaki.

Leo tunawaita vijana wafujaji. Mimi siafiki. Tangu M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, fedha imekosa uzito mkononi. Imeleta heri kubwa: karo inafika kijijini jioni hiyohiyo, bila kumbebesha mtu bahasha kwenye basi. Lakini zamani, fedha ya fundo letu ilipokwisha, matumizi nayo yalikwisha. Kijana wa sasa, salio likimwishia, simu ileile humkopesha, na riba huweza kuanza kukimbia usiku huohuo.

Kwa hiyo tusijigambe kwamba tulikuwa na nidhamu kuwashinda. Sarafu ilitusaidia kujizuia. Wao wanatakiwa kupima kwa akili pekee kitu kisichoshikika, na kazi hiyo ni nzito kuliko yetu.

Tuwasaidie basi, badala ya kuwasimanga. Simu huhifadhi jambo ambalo fundo la kanga halikuweza: kila muamala, saa yake, makato yake. Mwisho wa mwezi, mzazi na mwanawe waketi wazisome jumbe za miamala hiyo kwa sauti, za mzazi zikitangulia, wajumlishe nauli, vifurushi, mikopo na riba. Akiba haiozi, lakini haiwekwi na mtu asiyejua fedha yake imekwenda wapi. Kijana akishaijua jumla yake, amepata mizani; aachiwe aamue mwenyewe.