Ukulele ya Korale Si ya Kufungiwa Kabatini



Siku hizi kuna mabishano katika korale juu ya ukulele yenye mwalimu mmoja alituachia wakati alirudia kwao. Wengine wanasema: "Tuifungie mu kabati, batoto ba kidato cha kwanza batavunja!" Wengine wanakataa. Mimi ninaichunga tangu miaka miwili, basi naomba niseme yale nimejifunza.

Ukulele si mchezo wa watoto. Iko na nyuzi ine: sol, do, mi, la. Ilizaliwa Hawaii. Mwaka 1879 meli Ravenscrag ilifikisha Honolulu watu wa kisiwa cha Madeira, cha Ureno, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Kati yao walikuwa maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walianza kutengeneza gitare ndogo kwa namna ya kwao, na mti wa koa, wenye unaota Hawaii tu.

Sauti inatoka kwa mti. Ubao wa mbele ndio unatetemeka zaidi. Mti wa inchi za baridi, wa ukoo wa msunobari, ni mwepesi na mgumu: sauti yake ni wazi, inatoka mbio. Akaju inatoa sauti ya upole. Yetu ni ya akaju, ubao mzima. Tunajua namna gani? Angalia ukingo wa tundu la sauti. Kama mistari ya mti inaendelea tangu juu mpaka ndani, ni ubao mzima. Ukiona mbao nyembamba zimebandikwa moja juu ya ingine, ni triplex. Triplex haipasuki upesi, lakini sauti yake ni kiloko.

Sasa sikieni vizuri. Mti, hata ukiisha kukatwa, unakunywa maji ya hewa na kuyarudisha. Hapa Katanga, katika miezi ya kiangazi, mvua hainyeshi na hewa inakauka kabisa. Mti nao unakauka, unapungua, unapasuka. Mwaka jana, wakati wa likizo kubwa, ufa ulitokea mgongoni mwa ukulele. Wapi? Ndani ya kabati ileile yenye wanasema ni salama! Hakuna mtoto aliigusa. Seremala alibandika na kola, lakini alama inabaki.

Dawa yake ni rahisi. Chukua sponji ndogo, uiloweshe, uikamue sana, uiweke ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, kando ya ukulele ndani ya sanduku lake. Maji yasiguse mti. Mvua ikirudi, uitoshe.

Tena, hapana kuipakaa mawese ili ing'ae. Kitambaa kikavu cha kufuta jasho kinatosha. Hapana kuiacha juani ao ndani ya motokari: joto linalegeza kola. Uzi ukikatika, hapana kuweka waya ya frein ya kinga sawa vile wengine wanafanya kwa gitare zao. Nyuzi za ukulele ni za nailoni. Chuma kinavuta kupita kiasi, kitangoa kile kipande chenye kushika nyuzi. Heri uzi wa kuvulia samaki, wa unene wenye kufaa, mpaka tupate mwingine.

Akaju, sapelli na wenge inakatwa katika misitu ya Kongo hii hii. Inaenda mbali, wengine wanaifanya gitare, nasi tunaona bei na kushika kichwa. Kama mti wa namna ile umefika mikononi mwetu, tuufiche?

Ni kweli, mtoto anaweza kuiangusha. Lakini chombo chenye kupigwa kila juma kinaangaliwa kila juma: uzi wenye kuchoka unaonekana, ufa unaonekana ungali mdogo. Kabati haioni kitu. Na sisi wote tunajua habari ya yule mtumwa aliyezika talanta yake.

Basi naomba hivi: kila Jumamosi wadogo wawili wajifunze pamoja na mkubwa mmoja, mikono imenawiwa, wakiwa wamekaa chini, bila kutembea nayo. Sisi wa kidato cha sita tutaondoka karibuni. Nani ataimbisha korale kama hakuna mdogo aliyeigusa?

Mungu atubariki.

Mchungaji wa vyombo vya korale