Maji Kwanza, Kesi Baadaye

Wiki hii mzee ninayemtunza amenikera, na kwa kuwa siwezi kumjibu mzee wa watu ndani ya nyumba yake, nitawajibu nyinyi.

Kazi yangu mnaijua: naingia majumbani mwa wazee, nawapikia, nawapa dawa, nawasikiliza. Huyu anakaa pembezoni mwa Cottage Grove, Minnesota, na ana kisima chake uani. Hakina kamba wala ndoo. Ni bomba fupi la chuma lenye kifuniko, limechomoza kwenye nyasi, na usipoonyeshwa utalipita. Maji yake yana sumu. Si sumu ya kumwangusha mtu leo. Ni zile kemikali za kiwandani zinazoitwa PFAS, ambazo hazijui kuoza. Kampuni ya 3M ilianza kuzitengeneza hapahapa Cottage Grove miaka ya 1940, na taka zake zikatupwa kwenye majalala ya Oakdale, Woodbury na Lake Elmo. Mvua ikanyesha, theluji ikayeyuka, zikazama ardhini polepole mpaka zikakuta maji. Leo zimetanda chini ya zaidi ya maili za mraba 150, eneo linaloizidi kaunti nzima ya Mombasa.

Sasa, shukeni nami kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye mashine ya kupasha joto. Hapo pana matangi mawili yamesimama wima, yote yananishinda kimo, na ndani mna mkaa. Naam, mkaa, ila huu umesagwa na kutayarishwa kiwandani kwa kazi hiyo. Maji ya kisima hupita tangi la kwanza, kemikali zikanasa kwenye mkaa, kisha yakaingia la pili endapo kuna zilizoponyoka. Katikati ya matangi kuna kijimfereji kidogo cha kuchotea maji ya kupima, ili ijulikane mkaa wa kwanza umechoka kabla wa pili haujachoka. Fundi huja, huvaa glavu mpya, hujaza vichupa vyake, huandika tarehe na saa, huaga. Mkaa ukichoka, hubadilishwa. Mzee halipi hata senti. Na kabla matangi hayajafungwa, alikuwa akiletewa maji ya chupa hadi mlangoni, bure vilevile.

Basi fundi alikuwa aje Jumanne. Akapiga simu kuomba radhi: gari limeharibika, atakuja Alhamisi. Wallahi mngemsikia mzee! Serikali haiwajali watu wake, kodi zinaliwa, nchi imekwisha. Nilinyamaza nikaendelea kumenya viazi. Ila moyoni nilikuwa nishampandisha matatu ya Magongo, kule kwetu Mombasa, nimemkalisha kiti cha nyuma juu ya tairi.

Wa kwetu hamhitaji maelezo. Mfereji unaokoroma hewa usiku kucha, na mita inayoihesabu hiyo hewa. Mkokoteni wa mitungi ya lita ishirini, na bei inayopanda siku ileile maji yanapokatika. Kwenye ploti yetu, kisima na choo cha shimo vilikuwa vikitazamana kama majirani wenye kesi ya mpaka. Ami yangu, ambaye hakuna somo asilokuwa na shahada yake, alikuwa akituapia kwamba maji ya chumvi hayashiki vijidudu. Bibi naye aliufukiza mtungi wa kunywa kwa ubani. Maji yakanukia kweli, na sisi tukaendelea kuharisha kila masika. Katika utoto wangu wote sikuona mtu wa serikali akija na kichupa kupima kile kisima. Waliokuja ni wa kuomba kura.

Haya, msije mkaniambia nimelewa Umarekani. Hawa si malaika. Taka zilitupwa miaka na miaka, watu wakinywa na kuogesha watoto. Kuna binti wa hukuhuku, Amara Strande, aliyekuwa akiumwa saratani ya ini huku akienda kuzungumza mbele ya wabunge wa jimbo juu ya kemikali hizi. Alifariki Aprili 2023, akikaribia kutimiza miaka 21. Sheria inayozipiga marufuku katika bidhaa nyingi ilipitishwa mwaka uleule, ikapewa jina lake. Jina sawa, lakini yeye hayupo. Hata ule mfuko mkuu wa taifa wa kusafisha maeneo yenye sumu, Superfund, uliowekwa kwa sheria ya 1980, ulikuwa ukijazwa na kodi za kampuni za mafuta na kemikali. Mwaka 1995 kodi hizo zikaachwa zife; ya kemikali ikafufuliwa kwa sheria ya 2021, na ya mafuta kwa sheria ya 2022. Kwa miaka mingi kati ya hiyo, mzigo mkubwa wa mfuko huo aliubeba mlipa kodi wa kawaida, mimi nikiwa mmoja wao.

Lakini kuna jambo moja linalonifanya nimwonee wivu mzee huyu mlalamishi. Kesi ya jimbo la Minnesota dhidi ya 3M ilifunguliwa mwaka 2010 na ikamalizwa kwa maelewano Februari 2018, siku ambayo wazee wa baraza wa mahakama wangeanza kuchaguliwa. Kampuni ikalipa dola milioni 850, zaidi ya shilingi bilioni 100 za kwetu kwa bei ya sasa ya dola, na pesa hizo, baada ya kutoa gharama za kesi, zikafungiwa kazi ya maji na mazingira ya eneo lililoathirika. Sasa hesabuni: toka mwisho wa 2010 hadi Februari 2018 ni miaka saba na zaidi. Je, watu waliambiwa wavumilie kiu mpaka hakimu aamue? Hapana. Mwaka 2007, kabla hata ya kesi, idara ya mazingira ya jimbo na kampuni zilikuwa zimetia saini mapatano ya kusafisha majalala na kuwapa maji salama wenye visima vilivyochafuka. Mwaka 2017 idara ya afya iliposhusha kiwango inachokiona salama, Cottage Grove ilifunga visima kadhaa vya mji na kuwakataza watu kumwagilia nyasi mpaka vichujio vya dharura vifungwe. Nyasi, jamani! Huko ndiko msiba ulikofika.

Yaani maji yalitangulia, ugomvi ukafuata nyuma.

Sasa njooni kwetu. Ukitoka Magongo ukavuka barabara kuu kuelekea Mikindani, unaifikia Owino Uhuru. Mwaka 2007, mwaka uleule wa mapatano ya Minnesota, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi kilianza kazi ukutani mwa kijiji chenye watu wapatao 3,000. Moshi juu ya mapaa, majitaka mtaroni, vumbi kwenye udongo wanapochezea watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, alipogundua mtoto wake ana madini hayo mwilini, hakukaa kimya tena. Alikamatwa, akatishwa, na mwaka 2015 dunia ikampa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji visafishwe, au zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. NEMA, mamlaka yenyewe ya kulinda mazingira, ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na makosa, ikakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mahakama zetu naziheshimu, zimefanya kazi yake. Kinachonichoma ni huo mpangilio. Kati ya kufungwa kiwanda na neno la mwisho la majaji imepita zaidi ya miaka kumi, na kwa miaka mingi kati ya hiyo wanasheria wa serikali walikuwa wakibishana nani alipe asilimia ngapi. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kinafungwa amekwishapita darasa la nne akikanyaga udongo uleule. Huko kwetu kesi ndiyo inayotangulia, na maji yatakuja Mungu akipenda.

Na wa Magongo msidhani hili ni la Mikindani peke yao. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifanya kazi tangu 1963 hadi 2013. Bomba la kupeleka mafuta Nairobi, lililozinduliwa mwaka 1978, lilianzia hapohapo kwetu. Mwaka 2015 bomba hilo lilivuja Thange, upande wa Kibwezi, petroli ikaingia mtoni na kwenye visima vya watu. Sasa tazameni ramani. Thange huingia Athi, Athi ikishuka ndiyo Galana, na Galana ndiyo Sabaki, ambako kuna visima vya Baricho vinavyoinywesha Mombasa. Sisemi petroli ya Thange ilifika Baricho. Nasema maji yetu ya mfereji, ya Baricho, ya Tiwi, hata ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, yote ni maji ya ardhini. Anayesema "sisi hatutumii kisima" ajue anatumia cha mbali tu.

Huku Marekani, kwa sheria ya 1986, kila galoni ya mafuta hukatwa sehemu moja ya kumi ya senti kwa ajili ya mfuko wa kusafisha chini ya matangi ya petroli yanayovuja. Ni kiasi kidogo hata huwezi kukihisi mfukoni. Sisi, tangu Julai 2024, kila lita ina shilingi 25 za barabara. Barabara nazipenda, ile ya Magongo kwenda uwanja wa ndege sasa inapitika raha. Lakini shilingi moja ya udongo na maji ya Changamwe, ambako mafuta yote hayo yamekuwa yakipita, ingemuua nani?

Na msiniambie hatuna sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 25, imeunda Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira, wa kutumika pale mchafuzi asipojulikana au hali inapodai NEMA iingilie. Umo kwenye kitabu zaidi ya miaka ishirini. Katiba nayo, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa karatasi tumewazidi hawa wazungu. Tulichokosa ni yule fundi mwenye glavu na vichupa, na mtu wa kumlipa mshahara kabla kesi haijaisha.

Mamangu nilipomsimulia haya kwenye simu alicheka, akaniuliza huyo mzee wangu angefanya nini lau angekuwa mpangaji wa ploti yetu. Nikamwambia angepiga kelele. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi labda ndiyo dawa, mwanangu. Sisi tumezoea mno."

Basi nyinyi mnaosoma haya mkiwa Magongo, Chaani, Migadini au Mikindani, uchaguzi ni 2027 na wawakilishi wadi watakuja. Wataahidi bauza na tangi jeusi lenye picha yao. Pokeeni, maji ni maji. Kisha waulizeni mbele ya watu: kisima chetu kitapimwa lini, na nani, na kwa pesa za mfuko gani? Anayeweza kujibu maswali yote matatu, mpeni kura yangu pia.