Sikukuu na Mtoto Mchanga

Mama,

Najua ulihangaika ulipopiga simu siku mbili mfululizo ukaikuta imezimwa. Sote tu wazima. Ilikuwa Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, na tangu jua linapotua hadi nyota zitoke jioni ya siku ya pili hatugusi simu wala swichi ya taa. Kwa hiyo nakuandikia, nikueleze kwa kituo jinsi sikukuu zilivyotukuta hapa Hendon, kaskazini mwa London, na mjukuu wako ambaye hata arobaini hajatimiza.

Mwaka jana nilikuwa roshani ya wanawake sinagogini tangu asubuhi, kitabu cha sala mkononi. Mwaka huu mume wangu aliondoka peke yake, mama mkwe akabaki jikoni, nami nikaketi kitandani mtoto akinyonya. Nilisononeka, Mama. Nilitamani kuwa pale pamoja na wenzangu. Basi nikafungua masomo ya siku hiyo, nisome angalau kile ambacho wao walikuwa wakikisikia.

Unayajua, maana umeyafundisha kwa akina mama wa kanisani. La kwanza ni Mwanzo 21. Sara anamnyonyesha Isaka uzeeni, na siku ya kumwachisha ziwa Abrahamu anafanya karamu. Kisha Hajiri anafukuzwa na mwanawe, maji yanawaishia jangwani, naye anamlaza mtoto kichakani na kwenda kukaa mbali asimwone akifa. Jirani yetu aliyehiji atakusimulia upande wake wa habari hii, jinsi mahujaji wanavyokwenda mbio baina ya Safa na Marwa kumfuata mama huyo huyo.

Somo la pili ni la Hana. Wengi humkumbuka kwa machozi ya Shilo, na jinsi kuhani Eli alivyomdhania amelewa. Lakini tazama linalofuata. Samweli anazaliwa, Elkana anafunga safari na jamaa yake yote kwenda kutoa dhabihu ya mwaka, na Hana haendi. Anamwambia mumewe atangoja hadi mtoto aachishwe ziwa. Elkana anamwambia afanye aonavyo vema, basi. Hakuna anayemlaumu.

Nilisoma hapo mara mbili. Siku ambayo masinagogi hufurika watu, husomwa habari ya mwanamke ambaye hakwenda kwenye ibada kwa sababu alikuwa na mtoto kifuani. Talmud yenyewe, mkusanyiko wa mafundisho ya wahenga wa Kiyahudi, imeyataja masomo haya kuwa ya siku hiyo, kwa hiyo yamesomwa vizazi na vizazi. Mimi naamini mama anayenyonyesha hajaikosa sikukuu hata chembe, na ningependa jambo hili lisemwe mbele ya watu wote, wanaume wakisikia, kwani bado wapo mama wengi wenye watoto wachanga wanaokaa nyumbani wakidhani mwaka umewapita.

Alasiri akaja kijana wa jirani na baragumu lake, pembe ya kondoo dume. Hapa ni desturi kuwapitia wagonjwa na wazazi majumbani. Sinagogini hupigwa milio 100, lakini kwa aliye nyumbani inatosha 30. Akaifuta pembe kwa kiganja, akavuta pumzi, mashavu yakamwiva. Kwa mlio wa kwanza mtoto alishtuka, akatupa mikono yote miwili hewani, vidole wazi. Nikadhani atalia. Akatulia, macho yameelekea kwenye pembe, mpaka mwisho. Wahenga wa Kiyahudi waliitambua sauti ile ya kukatika-katika kwa kilio cha mama yake Sisera, yule aliyechungulia dirishani akimngoja mwana ambaye hatarudi vitani. Sisera alikuwa adui wa Israeli, Mama. Hata hivyo kilio cha mama yake ndicho tunachokisikia kila mwaka mpya.

Siku ya Upatanisho, ambayo hatuli wala hatunywi, ndiyo uliyoiogopa. Uliniuliza ni Mungu gani anayemnyima mzazi maji. Hamnyimi. Aliyejifungua hafungi kabisa siku tatu za mwanzo, na hadi siku ya saba akisema anahitaji kula, hula. Baada ya hapo hufunga kama wengine, saa 25, isipokuwa afya iko hatarini. Maziwa yangu yalikuwa yameanza kupungua, na daktari alikuwa na wasiwasi na uzito wa mtoto. Rabi alipomsikia daktari hakusita: ninywe kidogo kidogo, chini ya funda moja, nipumzike dakika 9, ninywe tena. Nilikunywa hivyo mchana kutwa, na kila tone lilikuwa ibada.

Jioni nilikwenda sala ya kufunga siku, mtoto kwenye kigari. Hili nalo lina habari yake. Siku hiyo, kama Sabato, hairuhusiwi kubeba wala kusukuma kitu barabarani, ila pakiwa na eruv, yaani mpaka wa nguzo na nyaya unaoufanya mtaa mzima uhesabiwe kuwa ua mmoja. Eruv ya huku ilianza kutumika mwaka 2003, baada ya ubishi wa miaka. Kabla ya hapo wenye watoto wachanga walikuwa wakishinda ndani kila Sabato. Nilipopita chini ya waya ule niliwaombea waliopigania uwepo.

Sasa nina shida nawe. Jamaa za mama mkwe wametoka Iraki, na usiku wa mwaka mpya huweka mezani tende, malenge na kunde, kila kimoja na dua yake. Nilimweleza kwamba sisi kunde tunazipika kwa tui la nazi, akataka kujua namna. Nitumie vipimo vyako, na useme tui la kwanza unalitia lini, maana mimi likinishinda hukatika. Wiki hii tunajenga kibanda uani kwa ajili ya Sikukuu ya Vibanda, naye amesema atazipika humo tuzile wote. Ukipiga simu, piga kabla jua halijatua mkesha wa sikukuu.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao.