Michezo ya Akili na Zawadi Haba

Palikuwa na zama katika nchi ya Kanada ambapo mtu wa kawaida, akiwa karani wa posta, mwalimu wa shule au mama wa nyumbani, aliweza kuingia studio ya televisheni, akaketi mbele ya taa kali na hadhira yenye bashasha, akashindana kwa akili yake tu, kisha akatoka na zawadi ambayo jirani zake hawakuwa na sababu ya kumwonea kijicho. Zama hizo zimepita, na vipindi vilivyozipamba vimesahauliwa hata na wengi katika waliokuwa wakivitazama kila siku. Lakini mimi, niliyeijua nchi ile kwa kuvitazama kabla sijaijua kwa kuitembea, naona ni dhuluma kuviacha vipotee bila ya shahidi, na kwa hiyo nimekusudia kueleza vilivyokuwa, vilivyobadilika, na kilichoondoka pamoja navyo.

Nilitoka Tanga mwishoni mwa miaka ya 1970, binti aliyemaliza shule juzijuzi, nikaenda Toronto kukaa kwa mama mdogo, aliyekuwa ametangulia huko na mumewe na bibi yetu. Kwetu Bara televisheni ilikuwa haijafika. Wazanzibari walikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi, ilhali upande wetu tuliendelea na redio mpaka mwaka 1994 vituo vya kwanza vilipofunguliwa Dar es Salaam. Kwa hiyo kisanduku kile kilichokaa pembeni mwa sebule kilikuwa kwangu ajabu kubwa kuliko majumba marefu na theluji, na maadamu baridi ilitufungia ndani, na Kiingereza changu kilikuwa cha vitabuni kisichojua mizaha ya watu, mama mdogo alinipa wasia mmoja kabla ya kutoka kwenda zamu yake kiwandani: “Tazama michezo ya maswali, mwanangu. Hao husema wazi, na akikosea mtu husahihishwa mbele yako.”

Kipindi cha kwanza kuniteka kilikuwa Definition, kilichorushwa na mtandao wa CTV tangu mwaka 1974 hadi 1989, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo chini ya uongozi wa Jim Perry, Mmarekani kwa kuzaliwa ambaye Wakanada walimpokea kama ndugu yao. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuushinda: jozi mbili, kila moja ikiwa na mshiriki wa kawaida pamoja na mtu mashuhuri, zilikabiliana mbele ya ubao wenye maneno yaliyofichwa herufi zake, nazo zikapewa maelezo ya mafumbo yaliyoficha zaidi kuliko yalivyofichua, mpaka herufi moja baada ya nyingine ilipofunuka na mmoja wao akaona njia. Nilikuwa nikisimama karibu na kioo, daftari mkononi, nikijaza nafasi zile kwa kalamu ya risasi kabla ya washiriki, na aghalabu nilishindwa, kwa kuwa jibu lilitegemea maneno mawili yaliyofanana kwa sauti na kuachana kwa maana. Lakini kila nilivyoshindwa nilijifunza jambo ambalo kamusi haikunifundisha, nalo ni jinsi watu wa nchi ile wanavyocheka. Zawadi za kipindi hiki zilikuwa haba kiasi cha kufanywa masimulizi, na sikupata kuona uso wa mshiriki aliyeonekana kujuta kwa sababu hiyo.

Jioni zilikuwa na mchezo wa heshima zaidi. Front Page Challenge ilianzishwa na shirika la taifa la utangazaji, CBC, mwaka 1957, ikikusudiwa kujaza nafasi ya msimu wa kiangazi tu, nayo ikaishi mpaka mwaka 1995. Mgeni aliyehusika na habari fulani ya magazetini alikaa nyuma ya jopo la waandishi, hadhira ikimwona na wao wasimwone, nao wakamtafuta kwa maswali mpaka wakaijua habari yake. Na baada ya kumjua, au baada ya kushindwa, walimgeukia na kumhoji kwa dhati. Mwendeshaji wake, Fred Davis, alikuwa mtulivu wa sauti, na katika jopo alikuwamo Pierre Berton, mwanahistoria mwenye tai ya kipepeo, aliyekaa pale tangu mwaka ule wa mwanzo hadi mwisho. Kabla ya zamani zangu walipita kwenye kiti kile watu wa makamo makubwa, akiwamo Malcolm X mwezi Januari 1965, wiki chache kabla ya kuuawa. Na nilipoambiwa hayo nilistaajabu kwamba mchezo wa kubahatisha uliweza kumkaribisha mtu wa kadiri hiyo, ukamsikiliza, na usimpunguzie hadhi. Katika jopo hilo hilo alikuwamo mzee Gordon Sinclair, aliyekuwa na desturi ya kumuuliza mgeni anapata fedha kiasi gani, na kila alipofungua kinywa kwa swali hilo mama mdogo alijifunika uso kwa upande wa khanga, akisema, “Astaghfirullahi, mtu mzima huyu hana haya,” kisha akaifunua kidogo ili asikie jibu.

Kadhalika palikuwa na Reach for the Top, iliyoanzia Vancouver mwaka 1961, ambamo vijana wanne wa shule moja ya sekondari walikabili wanne wa shule nyingine, vidole juu ya kengele, wakiulizwa tangu mito na wafalme hata hesabu na mashairi. Huko Toronto iliwahi kuendeshwa na Alex Trebek, mwana wa Sudbury katika jimbo la Ontario, kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1973, ambako kuanzia mwaka 1984 hadi alipofariki mwaka 2020 dunia ilimjua kwa kipindi cha Jeopardy!. Watu wengi husimulia habari zake kama kwamba zilianzia Marekani. Waliokaa Kanada wanajua kwamba utaratibu ule wa kuuliza kwa adabu, na wa kumsahihisha mtu bila ya kumdhalilisha, aliuchukua kwao akauvusha mpaka.

Ilinichukua muda kufahamu kwa nini nchi yenye watu wachache kuliko jirani yake kwa takribani mara kumi ilitunga michezo mingi namna hiyo. Wakanada wengi huishi karibu na mpaka wa kusini, na mawimbi ya vituo vya Marekani yaliwafikia majumbani bila ya kubisha hodi; basi serikali, ikihofia taifa lisijione kwenye kioo chake lenyewe, iliunda mwaka 1968 mamlaka ya kusimamia utangazaji, nayo ikaamuru kwa kanuni za mwaka 1970 kwamba asilimia 60 ya vipindi vya televisheni iwe kazi ya Wakanada wenyewe. Tamthilia hugharimu fedha nyingi. Mchezo wa maswali huhitaji ukumbi mmoja, meza, taa, na watu wenye hamu, na vipindi kadhaa huweza kurekodiwa kwa siku moja. Kwa hiyo vituo vikatimiza sheria kwa njia iliyokuwa nafuu kwao. Wako waliovilaumu kwamba vilikwepa wajibu, na lawama hiyo haikukosa haki. Hata hivyo naamini kwamba katika unafuu ule ulizaliwa uungwana ambao haukukusudiwa, maana asiyeweza kumshangaza mtazamaji kwa fedha hana budi kumshughulisha kwa fikira.

Ithibati ya maneno hayo niliiona katikati ya miaka ya 1980, ilipoanza Jackpot ya Toronto chini ya uongozi wa Mike Darow, mchezo wa asili ya Marekani uliopata maisha mapya Kanada, na ambao kwa sisi tuliokulia pwani ya Mrima haukuhitaji maelezo yoyote. Mshiriki mmoja alisimama peke yake juu kama mfalme, akawakabili wenzake kumi na watano waliokaa kwa namba. Akataja namba, na mwenye namba hiyo akafungua kijaluba chake na kumtegea kitendawili. Akitegua, fedha ziliongezwa kwenye akiba. Akishindwa, alishuka na aliyemtega akapanda mahali pake. Bibi yetu, ambaye Kiingereza chake hakikupita salamu za dukani, alikaa mkekani na tasbihi yake, nami nikawa mkalimani wa vitendawili vile, hata vile ambavyo vikivushwa kutoka lugha moja kwenda nyingine hufia njiani. Aliposhuka mfalme wa kwanza, bibi aliacha kuhesabu tasbihi, akapiga goti lake kwa kiganja.

“Kashindwa! Basi na ampe mji!”

“Mama, hawa hawapeani miji,” mama mdogo akamjibu. “Wanapeana kiti.”

“Ni hilo hilo. Mwenye kushindwa hutoa.”

Katika baraza zetu za Tanga aliyeshindwa kutegua hutoa mji, Mombasa au Bagamoyo au wowote ampendezao mtegaji, na mtegaji akiupokea husifu safari yake huko, kisha hufumbua fumbo. Hakuna aliyepata kuhesabu miji hiyo mwisho wa usiku, wala aliyeondoka na utajiri. Tangu siku ile bibi hakukosa kipindi, na mimi nikatambua kwamba nilichokuwa nikikipenda katika michezo ya Kanada kilikuwa ni kitu nilichokizoea tangu utotoni, nacho ni ushindani ambao mshindi hubeba sifa na mshindwa hubeba jibu.

Miaka hiyo hiyo ilileta Bumper Stumpers, iliyorushwa tangu mwaka 1987 hadi 1990 na kuongozwa na Al Dubois, ambamo jozi za washiriki zilifumbua vibao vya namba za magari vilivyoandikwa kwa hila, tarakimu ikichukua mahali pa silabi na herufi moja ikibeba neno zima. Watu wazima waliuona ni upuuzi. Leo wajukuu wa dada yangu huko Tanga huandika katika simu zao “2onane” na “cjui”, bila ya kufundishwa na mtu, na kila nisomapo ujumbe wao huona kwamba upuuzi ule ulikuwa unatangulia zama zake. Sikupenda vyote. Just Like Mom, iliyowashindanisha watoto na mama zao, iliwaacha watoto wamimine katika unga wa keki kila kilichokuwapo mezani, mama akaonja akiwa hana hiari. Na katika nyumba yetu, ambamo punje ya wali iliyoanguka huokotwa, hakuna aliyeweza kutazama chakula kikichezewa hivyo.

Dalili ya mabadiliko ilikuwapo mapema, kwa mwenye macho. Mwaka 1981 huko Vancouver ilianza Pitfall, iliyoongozwa na Trebek aliyerudi nyumbani kwa kazi hiyo: mshindi alivuka daraja lenye vipande vilivyoweza kumshusha chini kwa ghafla, na mwisho wa daraja palikuwa na ahadi. Kampuni iliyotengeneza kipindi ilifilisika, washindi wengi hawakulipwa, na mwendeshaji mwenyewe hakupata haki yake yote. Hapo nilifahamu kwamba mchezo ukijengwa juu ya malipo, malipo yakikosekana hausaliwi na kitu. Ilhali aliyepoteza zawadi ya Definition alikuwa bado na fumbo lake alilolitegua.

Miaka ya 1990 iliikuta michezo ile imezeeka. Reach for the Top ilikuwa imeachwa na CBC tangu 1985, ikaendelea kuishi mashuleni. Definition ilikuwa imefungwa. Na Front Page Challenge ilipoondolewa mwaka 1995 palikuwa hapana kilichoandaliwa kushika nafasi yake. Badala yake zilikuja ruwaza za kununuliwa kutoka ng’ambo, zenye muziki wa kutisha na mamilioni ya dola. Mwaka 2000 CTV ilitengeneza toleo la Kanada la Who Wants to Be a Millionaire, likiongozwa na Pamela Wallin, mwandishi wa habari mwenye fasaha, na ahadi ya dola milioni moja. Lilionyeshwa mara mbili tu. Mwaka 2007 mtandao wa Global ulileta Deal or No Deal Canada, ambamo Howie Mandel wa Toronto alimtaka mshiriki achague masanduku ambayo hakuna elimu wala busara iwezayo kubainisha lililo bora. Toleo hilo lilikuwa na vipindi vitano. Mchezo uliotoa zawadi za kubeba mkononi ulidumu miaka 15, na ile ya milioni haikumaliza hata msimu mmoja. Gharama ndiyo sababu iliyo dhahiri, na siikatai. Lakini iko sababu nyingine, kwamba mtazamaji aliyeketi nyumbani huweza kushiriki katika fumbo, naye hawezi kushiriki katika utajiri wa mwingine ila kwa kutamani, na kutamani huchosha upesi.

Vilivyobaki ni vichache. Kanda za video zilikuwa ghali, na vituo vilikuwa na mazoea ya kurekodi vipya juu ya vya kale, hata kipindi cha mwezi uliopita kikafutwa na cha mwezi huu. Muziki wa Definition, “Soul Bossa Nova” wa Quincy Jones wa mwaka 1962, umeshinda mauti hayo: vijana wa Toronto waitwao Dream Warriors waliutia katika wimbo wao wa rap, na mwaka 1997 ukasikika katika filamu ya mzaha ya Austin Powers, ambako ulimwengu ulidhani ni wa mzaha ule tangu asili. Ningependa washiriki wale, makarani na walimu na mama wa nyumbani, wapate japo nusu ya bahati ya filimbi zile.

Kwa ajili hiyo nawasihi walio na kanda za zamani katika vyumba vya chini vya nyumba zao, zilizorekodiwa kwa mashine ya nyumbani na kusahauliwa, wasizitupe kwa kuwa picha zimefifia; wazipeleke kwenye hifadhi za nyaraka, maana taifa hujitambulisha kwa maswali linayoona yanafaa kuwauliza watu wake wa kawaida. Nami nawaambia wenye vituo vya televisheni vya kwetu, wanaosumbuka kutafuta wafadhili wa zawadi kubwa kabla ya kutafuta maswali mazuri, waanze na maswali. Tunayo hazina ya mafumbo isiyokauka, na watu wanaojua kuitumia wako katika kila mtaa. Wakipewa kiti, taa, na mwendeshaji mwenye adabu, watazamaji watakaa nao miaka mingi bila ya kuahidiwa hata senti.