Tervuren na Goma: Nani Anayekieleza Kitu?

Mtu aliyekulia Goma na kuhamia Brussels hukutana mapema na desturi ambayo mjini kwao haijajengewa nyumba, yaani desturi ya kutenga siku ya mapumziko, kulipa kiingilio, kuacha koti na mkoba mlangoni, kisha kupita polepole katika kumbi ambamo vitu vya kale na picha vimewekwa vitazamwe tu, si kutumika wala kuuzwa. Makumbusho, kwa maana hiyo, ni taasisi yenye kazi nne: kukusanya, kuhifadhi, kuorodhesha na kuonyesha. Mgeni huiona kazi ya nne peke yake, na ndiyo maana wengi wanaolinganisha Ulaya na nyumbani huanza kwa kulalamikia majengo. Makala haya yanashikilia kwamba tofauti kubwa zaidi imo katika kazi ya tatu, ambayo haina uzuri wowote wa kupigwa picha.

Brussels ni mji wa kale uliojaa makumbusho, wala si lazima mtu awe tajiri ili ayaingie, kwa kuwa kadhaa ya yale yanayomilikiwa na dola huruhusu watu kuingia bure alasiri ya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa, yaliyoanzishwa mwaka 1801 wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Ufaransa, yana picha ya Pieter Bruegel ya mwaka 1566 inayoonyesha watu wakihesabiwa Bethlehemu, ila Bethlehemu yenyewe imegeuzwa kijiji cha Flanders kilichofunikwa na theluji, ambamo umati umesongamana mbele ya dirisha la karani huku Mariamu akiwasili juu ya punda bila ya mtu kumjali. Wanahistoria wa sanaa huitazama picha hiyo wakikumbuka kodi za watawala wa Kihispania. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya kuandikishwa katika kambi za wakimbizi wa ndani za Kanyaruchinya au Bulengo, pembezoni mwa Goma, hana haja kubwa ya maelezo hayo, maana karani anamjua, dirisha analijua, na yule mama mjamzito ambaye hakuna anayempisha anamjua pia.

Hata hivyo maelezo yapo, na yapo kila mahali. Kando ya kila picha pamebandikwa kadi ndogo yenye jina la msanii, mwaka, aina ya rangi au malighafi, na mara nyingi namba, ambayo wageni wengi huiruka ingawa ndiyo roho ya nyumba nzima. Hiyo ni namba ya usajili, inayokifunga kitu na ukurasa wake katika daftari la makumbusho, mahali panapoandikwa kilitoka wapi, kililetwa na nani, lini na kwa njia gani, ili kwamba kitu kikipotea pawe na ushahidi kuwa kilikuwapo. Kadi husema, mgeni hunyamaza, na mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha pembeni huchunga tu asiyekaribia mno.

Tervuren, mji mdogo ulio nje kidogo ya Brussels, unaofikiwa kwa tramu namba 44 inayokatiza msituni, ndipo utaratibu huu unapomgusa Mkongomani kwa namna ya pekee. Makumbusho yake yalitokana na maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1897, ambapo Wakongomani 267 waliletwa na kuwekwa katika vijiji vya kuigiza mbele ya watazamaji. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la mji huo. Jengo la sasa, lililobuniwa na msanifu Mfaransa Charles Girault, lilifunguliwa mwaka 1910, baada ya kifo cha Mfalme Leopold wa Pili aliyeliagiza, na baada ya kufungwa kwa matengenezo makubwa tangu 2013 lilifunguliwa tena Desemba 2018 likiwa na jina jipya la AfricaMuseum. Katika ukumbi wenye ukuta ulioandikwa majina ya zaidi ya Wabelgiji 1,500 waliofia Kongo enzi za Leopold, msanii wa Kinshasa Freddy Tsimba ameweka kazi inayoangusha kivuli cha majina ya Wakongomani juu ya majina hayo, bila ya kuugusa ukuta wenyewe, kwa sababu jengo linalindwa na sheria ya urithi. Ni jibu la busara, na pengine ni jibu kali kuliko nyundo.

Lakini ukiachana na historia ya jengo na kukaribia makabati ya vioo, jambo jingine hujitokeza. Kwa vipande vingi vilivyokusanywa zama za ukoloni, kumbukumbu zinamtaja afisa, mmisionari au mfanyabiashara aliyekileta kitu Ulaya, na kabila kilikotoka, huku jina la fundi aliyekichonga likikosekana. Vinyago vidogo vya mbao na sanamu za pembe za ndovu za Walega, watu wa Kivu Kusini na Maniema, ni mfano mzuri. Vitu hivyo vilikuwa mali ya bwami, yaani chama cha maadili chenye ngazi za kupanda, ambacho wanachama wake walivitoa vikapuni na kuvipanga wakati wa kumpandisha mtu daraja, wakivifafanua kwa nyimbo, mchezo na methali, na asiyeingizwa chamani hakuruhusiwa kuviona kabisa. Serikali ya kikoloni iliipiga bwami marufuku katika miaka ya 1940, na vitu vikazidi kusambaa. Leo mtoto yeyote wa Brussels anaweza kukitazama alichofichwa mkuu wa ukoo jirani, ila methali iliyokuwa ikikifungua haimo kabatini. Kitu kimehifadhiwa vizuri sana, tena katika hewa yenye unyevu uliopimwa, bila ya msemaji wake.

Goma ina hali iliyo kinyume, yaani wasemaji tele na makabati hakuna. Makumbusho ya Taifa yaliyo Kinshasa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kuzinduliwa mwaka 2019, yako mbali kiasi kwamba mwanafunzi wa Goma huyafikia kwa ndege tu, na waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025 hata ndege ziliacha kutua. Pamoja na hayo, mji huo huonyeshwa na kuelezwa kila siku. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 uliteremsha lava katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ukateketeza kanisa kuu na kufunika orofa za chini za majengo kadhaa, hivi kwamba baadhi ya wenye maduka walifungua upya milango yao katika iliyokuwa ghorofa ya kwanza. Mgeni akitembezwa na mwenyeji ataonyeshwa ukuta uliojengwa kwa mawe ya lava, kisha ataelezwa yule jirani alikimbilia wapi na jinsi lava ilivyokuja tena Mei 2021. Kwenye mzunguko wa barabara imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba viazi, makaa na mbao kutoka mashambani, na chini yake chukudu halisi hupita zikiwa na mzigo. Ni makumbusho machache duniani yanayoweza kumwonyesha mtazamaji sanamu na mhusika wake kwa mpigo mmoja.

Sanaa ya ukumbini nayo ipo, kwa sura yake. Kituo cha Yolé!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimelea vijana wengi wa filamu, muziki, dansi na uchoraji, na maonyesho ya aina hiyo mjini hayajawahi kuwa ya kimya: msanii husimama kando ya kazi yake, watu humuuliza kwa nini amechora hivi na si vile, wengine humbishia, na mara ngoma ikaanza. Mtu aliyezoea adabu ya Brussels anaweza kuiona hali hiyo kuwa vurugu. Ukweli ni kwamba bwami ilifanya vivyo hivyo, isipokuwa kwa mlango uliofungwa, na kwamba ukimya wa kumbi za Ulaya ni desturi ya mahali fulani tu, haina haki ya kuwa kipimo cha heshima kwa sanaa.

Udhaifu wa njia ya Goma ni mwingine, nao ni mkubwa. Msemaji hufa, hukimbia, huhamishwa na vita, na akiondoka huondoka na maelezo yote. Mtu anayedhani kuwa simulizi haziwezi kuandikwa na atazame utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa Walikale katika Kivu Kaskazini hiyohiyo: mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliusimulia kwa siku 12, na mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe, wakaunakili na kuuchapisha mwaka 1969. Ngoma na vigelegele vya siku hizo vimepotea, lakini maneno yapo, na jina la aliyeyasema lipo, tofauti na majina ya wachongaji waliojaza makabati ya Tervuren.

Suala la kurudishwa kwa vitu linaongeza uzito wa hoja hii. Kati ya 1976 na 1982 vitu 114 vilirudi Kinshasa kutoka Tervuren, na katika misukosuko iliyofuata, hasa baada ya kuanguka kwa Rais Mobutu mwaka 1997, makusanyo ya taifa yaliporwa, na baadhi ya vipande vikaonekana katika soko la sanaa. Februari 2022 Waziri Mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu takriban 84,000, na Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe akapeleka Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku kwa mkopo usio na kikomo, neno lililowaudhi wengi, na kwa haki, maana mwenye mali hakopeshwi mali yake. Wabelgiji wenyewe wanaijua njia hii: picha za Rubens zilizochukuliwa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1794 na kupelekwa Paris zilianza kurudi mwaka 1815, Napoleon alipokwisha kushindwa Waterloo. Anayedai husikika zaidi anapoweza kutaja kitu gani, cha nani, kilichukuliwa lini. Bila daftari, madai hubaki manung'uniko.

Kwa hiyo Goma isisubiri jengo ndipo ianze makumbusho yake. Ndugu walioko Brussels, Liège, Paris au Montréal, wanaotuma fedha za harusi na matibabu kila mwezi, wanaweza kugharimia kazi ndogo inayowezekana hata chini ya hali ya sasa: kila mchongaji katika karakana yake na kila mchoraji apigiwe picha kazi zake, paandikwe jina lake, kijiji chake, mti au rangi aliyotumia, mwaka, na maelezo yake kwa sauti yake mwenyewe, kisha nakala zihifadhiwe Goma na nje ya Goma, kwa kuwa mji uliowahi kuunguzwa na volkano hauna sababu ya kuweka daftari lake mahali pamoja. Waanze na wazee.